Simu Inapotoa Ushahidi wa Mwezi

Kamera ilipoanza kuenea katika nchi za Kiislamu, wanazuoni hawakujiuliza kwanza kama picha inasema kweli. Walijiuliza kama ni halali. Hadithi zinazowakemea wenye kutengeneza sura za viumbe wenye roho zilikuwa zikijulikana, na sasa kikaja chombo kinachotoa sura ya mtu kwa muda mfupi, tena sura sahihi kuliko aliyoweza kuitoa mchoraji yeyote. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20 na kufariki mwaka 1935, aliandika kijitabu kulijibu swali hilo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuipinga: mpiga picha haumbi kitu wala haigizi kazi ya Muumba, anachofanya ni kukizuia kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba, kwa njia wanayoijua wenye fani hiyo. Wapo waliomkatalia, na wapo wanaomkatalia hadi leo. Lakini hoja ilishika. Picha ya pasipoti, ya harusi, ya marehemu babu iliyotundikwa sebuleni, nyingi zimepita katika mlango ule, hata kama wenye picha hizo hawajapata kulisikia jina la sheikh.

Kinachonivutia katika fatwa ile ni kwamba hukumu ya dini imesimama juu ya maelezo ya kiufundi. Sheikh anaeleza kwanza jinsi kamera inavyofanya kazi, kisha anajenga. Na kwa kamera ya zama zake alieleza sawasawa: mwanga ulitoka usoni mwa mtu, ukapenya lenzi, ukaigusa filamu yenye chumvi za fedha, ukaacha alama. Roland Barthes, Mfaransa asiyekuwa na haja yoyote na fatwa, alifika karibu na hapo hapo katika kitabu chake kuhusu picha kilichotoka mwaka 1980, alichokiandika akimwomboleza mama yake: kwamba picha, tofauti na mchoro, inathibitisha kuwa kitu kile kilikuwapo mbele ya lenzi. Leo kamera iliyo mfukoni mwa watu wengi haifanyi kazi hivyo. Sisemi inadanganya; shutuma hiyo ni rahisi mno na inakosea mahali penye tatizo. Ninasema kwamba picha ya simu si kivuli kilichozuiwa tena. Ni habari kuhusu mwanga, na aliyeisimulia alikuwa na yake kichwani kabla hajatazama. Kivuli kipo au hakipo. Habari huulizwa imetoka kwa nani, ameipataje, na ameongeza nini njiani. Na kwa maswali ya namna hiyo Waislamu wana elimu waliyoinoa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Tuingie ndani ya kamera yenyewe. Pikseli, ile nukta ndogo ya kupokea mwanga, haioni rangi. Inahesabu mwanga tu. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza ya mpangilio wa vichujio vya kufunika pikseli hizo: nusu yake kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kwa hiyo kila pikseli inapima rangi moja kati ya tatu, na mbili zilizobaki programu inazikadiria kwa kutazama pikseli jirani. Maana yake, katika picha ya kawaida kabisa ya dijitali, theluthi mbili za namba za rangi hazikupimwa na chombo chochote. Hayo yalikuwapo kitambo kabla akili mnemba haijawa neno la sokoni. Simu nayo imeongeza tabaka lake. Lenzi yake ni ndogo, mwanga unaoingia ni haba, na picha moja ya usiku ingetoka imejaa chenga. Dawa iliyopatikana ni kupiga nyingi. Mfumo wa HDR+ wa Google, ulioingia katika simu mwaka 2013, hupiga mfululizo wa picha za haraka, zenye giza kwa makusudi, kisha huzilaza moja juu ya nyingine, hurekebisha mtikisiko wa mkono na kutoa wastani wake. Mwaka 2018 Night Sight iliipeleka njia hiyo hadi gizani. Katika simu za namna hii mtu anabofya mara moja, lakini hakuna nukta moja ya wakati iliyonaswa. Zipo kadhaa zilizoshonwa pamoja, na nyingine zilikwisha kupigwa kabla kidole hakijagusa kioo.

Hesabu ya kazi hii inapendeza. Chenga huja bila mpango: pikseli hii imezidi, ile imepungua, na katika picha inayofuata mambo yamegeuka. Nyumba, mti au uso uliotulia haubadiliki. Ukichukua wastani wa picha 9, chenga hupungua hadi theluthi moja. Ukichukua picha 100, hubaki sehemu moja ya kumi. Cha kudumu kinabaki na cha bahati nasibu kinafutika. Na katika kazi yote hiyo mashine haikuhitaji kujua inatazama nini. Awe paka, iwe hilali, hesabu ni ile ile. Kwa hiyo anayetaka kutenganisha picha iliyopikwa na isiyopikwa anatafuta mpaka usiokuwapo, maana picha ya dijitali isiyopitia hesabu haipo. Mpaka wenye maana uko kwingine: kati ya hesabu isiyojua kilicho mbele yake, na hesabu inayokitambua kwanza kisha ikakimalizia kwa elimu iliyoipata mahali pengine.

Mpaka huo ulionekana waziwazi Machi 2023. Mtumiaji mmoja wa mtandao wa Reddit, akizitilia shaka picha za mwezi zinazotoka katika Samsung Galaxy S23 Ultra, alichukua picha safi ya mwezi mpevu, akaipunguza hadi pikseli 170 kwa 170, akaitia ukungu mpaka mabonde na madoa yakapotea, akaifungua kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa za chumba, akaenda upande wa pili, akaipiga kwa simu hiyo. Kilichotoka ni mwezi wenye makovu yake, kingo za mashimo na nyanda nyeusi, ilhali kwenye skrini palikuwa na duara lenye ukungu tu. Kampuni ilieleza kwamba programu yake imefundishwa kuutambua mwezi katika sura zake mbalimbali, kwamba huunganisha picha kadhaa kisha huongeza undani, na kwamba mwenye simu anaweza kuizima. Mwezi ulifaa kwa kazi hiyo kuliko kitu chochote, kwa sababu unatuonyesha upande ule ule siku zote. Ni uso wa kukariri. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, Patrick Chomet, aliuambia mtandao wa habari wa TechRadar kwamba picha halisi ni kitu kisichokuwapo. Kwa maana ya vichujio vya Bayer alikuwa na haki. Lakini kutokana na kuwa hakuna picha isiyopitia mikono ya msimulizi, haifuati kwamba wasimulizi wote ni sawa.

Utetezi wenye nguvu zaidi kwa simu ile si huo wa Chomet. Ni huu: makovu yale ni ya kweli. Mashimo ya Tycho na Copernicus yapo juu ya mwezi, na anayetaka achukue darubini. Simu haikuuongezea mwezi pembe. Kama kilichoongezwa ni kweli tupu, uongo uko wapi? Wanazuoni wa hadithi walikutana na jambo hili hili wakalipa jina, idraji: mpokezi anaingiza maneno yake ndani ya matini bila kuyatenga, na anayemsikia anayachukua yote kuwa ya Mtume. Mfano unaosomeshwa sana unahusu udhu. Mapokezi fulani yanamnasibishia Mtume amri ya kuutimiza udhu, ikifuatiwa na onyo juu ya visigino vilivyoachwa vikavu. Mapokezi mengine, yakiwemo ya Bukhari, yanaonyesha kwamba ile amri ni maneno ya sahaba Abu Huraira mwenyewe, aliyewahimiza watu kisha akalitaja onyo la Mtume kama hoja yake. Maneno hayana kosa lolote. Nani atabisha kwamba udhu utimizwe? Hata hivyo al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, aliandika kitabu kizima cha kuyachambua maneno ya aina hii na kuyarudisha kwa wenyewe. Alielewa kwamba ukweli wa jambo ni kitu kimoja na kushuhudiwa kwake ni kingine. Ukiruhusu neno liingie katika ushahidi wa mtu kwa sababu tu ni la kweli, umekwisha kuupoteza ushahidi, maana siku utakayohitaji kujua alichosema hasa, hutakuwa na pa kukipata.

Na wanazuoni hao hao hawakulifunga jambo kwa ukali usio na jicho. Nyongeza inayofafanua neno gumu waliivumilia. Katika simulizi ya Bibi Aisha kuhusu Mtume kujitenga katika pango la Hira, mna ufafanuzi mfupi wa neno moja lisilozoeleka, na wengi wanauhesabu kuwa ni wa mpokezi az-Zuhri. Hawakumtupa az-Zuhri kwa hilo. Naona kipimo hicho kinafaa kuhamishiwa kwenye kamera. Kuondoa chenga, kuunyoosha ukuta uliopindwa na lenzi, kusawazisha weupe wa taa ya umeme, huo ni ufafanuzi wa mwanga ulioingia. Kuuchorea mwezi mashimo ambayo mwanga haukuyaleta ni maneno mapya. Katikati pana eneo lenye utelezi, la programu zinazosafisha chenga kwa kuwa zimefundishwa, kwa picha nyingi mno, jinsi nywele, majani na ngozi zinavyokuwa. Hapo jibu langu si la ndiyo au hapana bali la kiasi: kadiri mwanga unavyopungua ndivyo programu inavyosema zaidi kutoka kwake yenyewe. Mwaka 2020 programu iitwayo PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa hadi ikabaki vijisanduku vya rangi, ikatoa uso wa Mzungu. Mwanga ulikuwa haba, ikajaza kwa nyuso ilizozizoea. Kwa watu ambao nyuso zao ni chache katika mafunzo ya mashine hizi, suala la nani anaongeza nini kwenye picha si la wanafalsafa peke yao.

Atakuja mtu aniambie kwamba jicho nalo linabuni, na atakuwa na msaidizi mkubwa. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alieleza katika kitabu chake kikuu cha elimu ya mwanga kwamba sehemu kubwa ya kile tunachodhani tunakiona kwa jicho tupu tunakijua kwa kulinganisha na kukumbuka, kwa wepesi ambao hatuutambui. Ubongo unajaza doa lisiloona lililo ndani ya kila jicho, na hakuna anayeliona tundu. Basi kama shahidi mwenye macho ni msimulizi anayejaza, simu imefanya kosa gani la pekee? Nusu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali yote. Ndiyo maana hasa ushahidi wa macho haujapata kupokelewa ovyo. Inasimuliwa kwamba Anas bin Malik, sahaba aliyekwisha kukaribia miaka 100, alitoka na watu kutazama hilali, akasema ameiona, akaonyesha kwa kidole. Hakuna mwingine aliyeiona. Iyas bin Muawiya, kadhi wa Basra, akamtazama mzee usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho. Akaulainisha kwa mkono wake, kisha akamwomba atazame tena. Mzee akatazama, akasema haioni. Uadilifu wa sahaba haukuguswa hata kidogo. Kilichokuwa na kasoro ni chombo, na chombo kilifikika kwa mkono. Shahidi wa macho anaulizwa, anaambiwa asogee, anatazama upya. Msimulizi aliye ndani ya simu hana nyusi ya kulainishwa. Amekwisha kuamua, na hakuacha alama ya wapi aliona na wapi alikumbuka.

Mwingine atasema picha zimedanganya tangu zilipozaliwa. Ni kweli. Mwaka 1840 Hippolyte Bayard, mmoja wa wagunduzi wa upigaji picha, alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyezama majini, kulalamika kwamba serikali ya Ufaransa imemsahau na kumtukuza mwenzake Daguerre. Stalin aliwafuta maadui zake kwenye picha kama alivyowafuta duniani. Lakini huo ni uongo wenye mwenyewe. Kuna aliyekusudia, kuna aliyeshika wembe, na ukimtafuta unaweza kumpata. Jambo jipya ni nyongeza isiyo na mkusudiaji, inayotokea katika chombo kinachofanya kazi vizuri kabisa mikononi mwa mtu mkweli. Mfano bora haukutoka hata kwenye kamera. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine fulani za Xerox zilikuwa zikibadilisha namba katika nyaraka zilizoskaniwa. Katika ramani ya jengo, vyumba vitatu vilivyoandikwa mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikiwa na 14.13. Ili kupunguza ukubwa wa faili, mashine ilitafuta vipande vinavyofanana ikaweka kimoja mahali pa kingine, na kipande ilichokiweka kilikuwa safi, chenye wino mkolevu, kisichotia shaka. Nakala mbovu ya zamani ilikuwa inaungama ubovu wake kwa ukungu. Hii ilikosea kwa mwandiko mzuri.

Kwa upande mwingine kuna picha ambayo karibu yote ni hesabu, nami naiamini kuliko picha nyingi za simu. Tarehe 10 Aprili 2019 wanasayansi wa mradi wa Event Horizon Telescope walionyesha pete ya mwanga inayozunguka shimo jeusi katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Hakuna kamera iliyopiga picha ile. Vituo vinane vya mawimbi ya redio, kutoka Hawaii hadi Ncha ya Kusini, vilikusanya data mwaka 2017. Data ilisafirishwa kwa ndege ndani ya diski kwa kuwa hakuna intaneti ambayo ingeibeba. Na kwa kuwa vituo ni vichache, sehemu kubwa ya picha ilibidi ikisiwe. Wenye mradi walijua shaka itakuja wapi. Wakajigawa katika makundi manne yasiyozungumza, kila kundi likatengeneza picha kivyake, na wote wakatoa pete. Kisha wakazijaribu programu zao kwa data ya bandia, ikiwemo ya sahani isiyo na tundu katikati, kuhakikisha kwamba haziwezi kutoa pete pasipo na pete. Mwenye kuzoea elimu ya hadithi ataitambua njia hii mara moja: ni habari iliyopokelewa kwa njia nyingi zilizotengana kiasi kwamba kula njama au kukosea pamoja hakuingii akilini. Nayo ilitolewa pamoja na njia zake zote, hadharani, wapinzani wakaruhusiwa kuirudia. Tofauti yake na mwezi wa simu si kwamba ile ina hesabu kidogo. Ina hesabu nyingi zaidi.

Sasa turudi kwenye hilali, maana hapo swali linaacha kuwa la kinadharia. Kila mwaka mwishoni mwa Shaabani watu wa pwani yetu hupanda mapaa na kushuka ufukweni kutazama magharibi, na kila mwaka mjadala unarudi, wa kufuata mwandamo wa nchi au wa kokote duniani. Katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani, shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuiingiza Ramadhani. Mtu akileta picha katika simu badala ya ulimi wake, tumpe nini? Kwa niliyokwisha kusema, picha ile haina uzito zaidi ya neno la aliyeileta, na pengine inaupunguza: aulizwe kama aliiona kwa jicho lake, wapi, imeelekea wapi, kwa muda gani. Kama aliijua kwa kutazama kioo cha simu tu, basi shahidi halisi ni programu, na programu iliyofundishwa sura za mwezi ndiyo shahidi wa mwisho wa kuulizwa kama mwezi upo.

Lakini liko suala gumu kuliko hilo, na mpaka wangu wa hesabu inayojua na isiyojua haulitatui. Tarehe 8 Julai 2013, saa nne na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mpiga picha wa anga Thierry Legault, akiwa Élancourt karibu na Paris, aliipiga hilali katika dakika ile ile ya mwezi kuzaliwa, umri wake sifuri. Ilikuwa mchana, mwezi ukiwa umbali wa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua, wakati mnajimu André Danjon alikwisha kukadiria katika miaka ya 1930 kwamba chini ya nyuzi 7 hilali haionekani kabisa. Alitumia mwanga usioonekana kwa jicho, kinga ya kuzuia jua, na picha nyingi zilizolazwa juu ya nyingine. Mwezi huo ndio wa Ramadhani ya mwaka 1434. Picha ni ya kweli kwa kila kipimo nilichotoa. Hakuna idraji, chenga zimepunguzwa tu. Je, ni kuuona mwezi? Naona si kuuona, na sababu yangu ni hii. Picha ya Legault inathibitisha mwezi ulikuwa mahali ambapo wanajimu walikwisha kusema, tangu miaka mingi kabla, kwamba utakuwapo, kwa sekunde. Haikuongeza habari, imeichora hesabu. Anayekubali picha ya namna hiyo huku akikataa kuanza mfungo kwa hesabu ya wanajimu anajipinga mwenyewe, na anayekubali hesabu hana haja na picha. Sheria iliufunga mwezi wa saumu kwenye kuona kwa macho ya watu, wakifunikwa na wingu wakamilishe siku 30. Haikuufunga kwenye kuwapo kwa mwezi, ambao hauachi kuwapo hata siku moja. Kituo cha Al Khatim kule Abu Dhabi hupiga picha za hilali mchana kweupe. Ni kazi nzuri ya elimu ya anga, ila haijibu swali ambalo mashahidi wa ufukweni wanaulizwa.

Kuna wasomaji watakaoona ninabeba mzigo mkubwa kwa jambo dogo. Watu wengi wanapiga picha ili wapendeze, mpwa wao aonekane kwenye keki, chakula king'ae. Sina ugomvi nao, na ngozi iliyolainishwa siku ya harusi haimdhuru mtu. Tatizo ni kwamba kamera haiambiwi picha ni ya nini. Simu ile ile, kwa mpangilio ule ule, asubuhi inapiga keki na jioni inapiga ajali barabarani, risiti, jeraha la mtoto, fomu ya matokeo ya kituo cha kupigia kura. Na sheria zetu bado zinaiona kamera kwa jicho la Sheikh Bakhit. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inaweka masharti ya kupokea rekodi za kielektroniki, na moja ni kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Ni sharti la busara kwa zama ambazo kosa la chombo lilikuwa kuharibika. Lakini simu iliyouchorea mwezi mashimo ilikuwa inafanya kazi ipasavyo, imeundwa hivyo. Machi 2024 jaji mmoja wa Kaunti ya King, jimbo la Washington nchini Marekani, aliikataa katika kesi ya mauaji video iliyoongezewa ubora kwa akili mnemba, na naona alifanya sawa. Ila video ile ilipelekwa kwa programu baada ya kurekodiwa, mbele ya mawakili, na toleo la awali lilikuwapo la kulinganisha. Nyongeza inayotokea ndani ya simu, kabla picha haijatokea kwenye kioo, haina toleo la awali la kupeleka kwa jaji.

Viwanda vimeanza kulijibu hili kwa njia yao. Mwaka 2021 Adobe, BBC, Microsoft na wenzao waliunda C2PA, utaratibu wa kuitia picha sahihi ya kidijitali inayoonyesha ilitoka katika chombo gani na imepita mikono ipi. Mwaka 2023 kamera ya Leica M11-P ikawa ya kwanza sokoni kuwa nayo ndani. Hiyo ni isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, tena isiyokatika, na inafaa kupokelewa kwa furaha. Lakini wanazuoni hawakutosheka na mnyororo uliokamilika. Walirudi kuikagua matini, kwa kuwa idraji hupita salama katika mnyororo uliokamilika. Sahihi inathibitisha kwamba picha ndiyo ile iliyotoka katika simu. Haisemi simu ilipokea nini. Hata faili ambazo simu nyingi huziuza kwa jina la picha ghafi mara nyingi zimekwisha kuunganishwa kutokana na picha kadhaa. Zile za kwanza, zenye chenga na mtikisiko, ambazo mwanga ulizigusa kweli, kwa kawaida hufutwa ndani ya simu baada ya kuunganishwa, ili kuokoa nafasi. Kampuni itakayoziacha zikae, hata kwa saa 24 tu, na ikamwachia mwenye simu kitufe cha kuzihifadhi, itakuwa imewapa kadhi, jaji na mhariri wa gazeti kitu cha kukiuliza maswali.